Kazi isikutoe roho: mazoea ya kila siku ya mtu wa stoo

Mi ni mtu wa stoo. Ukisema kazi wengi wanawaza ofisi yenye eisi na kiti cha kuzunguka, mi kazi yangu ni saruji, nondo, bati, misumari na mabomba, duka la jumla la vifaa vya ujenzi maeneo ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka wa 11 huu. Naandika kwa sababu mdogo wangu wa mwisho kapata ajira mwezi uliopita, ya kwanza maishani mwake, na kila jioni ananipigia analalamika, mara kachoka, mara bosi kamfokea mbele za watu, mara anataka kuacha, nikaona badala ya kumjibu kila siku kwa simu na bando lenyewe ndo hili tunalolijua, bora niandike mara moja asome yeye na yeyote mwenye shida kama yake.

Nianze na hili. Mi nilivyoona, kinachommaliza mtu kazini mara nyingi sio kazi. Kushusha mizigo kunachosha mwili, ukioga ukala ukalala, alfajiri uko sawa. Kinachokula mtu ni vile viporo vya kichwani, yule mteja nilimwambia ntampigia sijampigia, zile bati nilizihesabu au sikuzihesabu, tajiri alivyoniangalia vile alikuwa na maana gani. Unaenda navyo nyumbani, unakula navyo, mkeo anakuongelesha we uko Buguruni. Afu asubuhi unarudi navyo kazini vikiwa vimezaana. Kwa hiyo haya yote ntakayosema kazi yake ni moja tu, ya leo yaishe leo.

Hatua ya 1: anza jana yake usiku

Asubuhi nzuri inatengenezwa usiku, na sisemi mambo makubwa. Nguo zipigwe pasi umeme ukiwepo, simu iwe kwenye chaji, nauli iwe mfukoni ya chenji, na uangalie luku imebaki yuniti ngapi. We cheka tu, ila mi nimeshakaa gizani saa kumi na moja alfajiri natafuta soksi ya pili kwa tochi ya simu yenye chaji asilimia nne, nanunua luku mtandao unasumbua, hela imekatwa tokeni haiji. Siku hiyo niligombana na kondakta, nikagombana na dada wa kaunta, mchana nikampandishia sauti mteja. Ukiniuliza leo chanzo nini, soksi.

Nakaa Kimara, napanda mwendokasi mpaka Ubungo, pale nachukua daladala ya barabara ya Mandela mpaka Buguruni. Anayeijua Kimara anajua, ukichelewa nusu saa tu kutoka nyumbani sio kwamba unafika umechelewa nusu saa, hesabu haiendi hivyo, unakuta foleni imefika nje ya kituo, gari la kwanza limejaa, la pili limejaa, la tatu unapanda umesimama kwa mguu mmoja. Kwa hiyo natoka mapema sio kwa sababu mi mtu wa nidhamu sana, natoka mapema kwa sababu naogopa ile foleni.

Kingine cha usiku, kabla ya kulala andika mambo matatu tu ya kesho. Usiandike kumi, kumi ni kujidanganya. Matatu.

Hatua ya 2: fika mapema, ila usianze kazi

Nafika dakika kama 20 kabla ya kufungua. Zamani nikifika mapema naanza kazi palepale, basi wenzangu wakazoea, tajiri akazoea, ikawa nisipokuwepo saa moja kasoro wanauliza "bwana stoo vipi leo kachelewa?", wakati muda wenyewe ni saa moja na nusu. Sasa hivi nafika nakaa kwa mlinzi, nakunywa chai ya tangawizi na chapati moja, namsalimia vizuri mzee wa watu, Shikamoo mzee, umeamkaje, vipi usiku.

Na hapo kwenye "vipi usiku" ndo penyewe. Mlinzi anajua kuliko meneja. Anakwambia lori limekuja saa nane usiku limepaki kule nyuma, anakwambia bati la paa la stoo linavuja kona ya kulia, anakwambia tajiri jana kaondoka kanuna. Unaanza siku ukiwa na habari zote na hakuna aliyekuona unapeleleza. Watu wapya wanawapita walinzi na wafagizi kama nguzo za umeme, afu wanashangaa kwa nini hawajui chochote kinachoendelea pale.

Hatua ya 3: kuwa na daftari

Hii ndo kubwa, na ukichoka kusoma ukiishia hapa sina neno.

Mwaka wangu wa pili kazini, msimu wa mvua za masika, lilikuja lori la saruji mifuko 600. Mfuko ni kilo 50, kwa hiyo tani 30, semi nzima hiyo. Nilikuwa nimechelewa, sijala, mvua inanyesha, dereva anapiga honi anasema ana safari nyingine, makuli wanagombania turubai la kuzibia mvua, na karatasi ya dilivari imeshikwa mbele yangu inaloa. Nikasaini. Sijahesabu. Nilijiambia ntahesabu wakishamaliza kupanga.

Sikuhesabu. Ilikuja siku ya kuhesabu mali mwisho wa mwezi, ikapungua mifuko 40. Kipindi hicho mfuko mmoja tunauhesabu 14,000, piga hesabu, 560,000. Mshahara wangu ulikuwa 380,000. Tajiri wa wakati huo, sio huyu wa sasa, hakunisikiliza hata dakika tano, akasema itakatwa miezi minne, 140,000 kila mwezi, na mi nikasema asante. Nilisema asante kabisa! Kwa sababu nilidhani angenifukuza.

Baadaye sana nikaja kuambiwa na mtu anayejua haya mambo kwamba hata ile kukatwa haikuwa halali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri akitaka kukukata kwa ajili ya hasara, lazima hasara iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako, lazima akueleze kwa maandishi sababu na kiasi, akupe nafasi ya kujitetea, we mwenyewe ukubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Robo ya 380,000 ni 95,000. Mi nilikatwa 140,000 kwa mdomo tu, miezi minne nikala mihogo.

Baada ya hapo nikanunua daftari. La kawaida, la kurasa 96, lile la kuandikia hesabu shule ya msingi. Na daftari nalitumia hivi mpaka leo.

Kila siku kurasa mbili mpya zinazotazamana, tarehe juu. Ukurasa wa kushoto naandika yanayotokea, kwa kifupi tu na saa yake. Saa 3:10, gari namba fulani, dereva fulani, saruji 560 sio 600, dereva anasema 40 zimeshushwa kwa mteja njiani kwa amri ya mtu wa mauzo. Na hapohapo kwenye karatasi ya dilivari, kabla ya sahihi yangu, naandika kwa kalamu "nimepokea 560" na dereva anasaini pembeni. Asiposaini gari halitoki, akatae asikatae. Mwanzoni walinichukia. Sasa hivi madereva wakifika wenyewe wanasema "subiri mzee wa daftari ahesabu".

Ukurasa wa kulia una sehemu mbili. Juu, niliyoahidi. Chini, niliyoahidiwa. Ukimwambia mteja "ntakucheki kesho bati za geji 28 zikija", hiyo ni ahadi, iandike. Mtu wa mauzo akikwambia "ntakuletea ile karatasi jioni", hiyo nayo iandike na jina lake. Ndo siri yote. Nusu ya ugomvi wa kazini ni watu wawili wanakumbuka kitu kimoja tofauti, na kila mmoja anaapa. Mwenye maandishi haapi. Anafungua ukurasa.

Kuna siku miaka michache baadaye fundi mmoja alikuja na kelele, kaja na watu wake wawili, anasema kalipia bati 60 kapewa 50. Watu wamejaa dukani, dada wa kaunta anatetemeka. Nikafungua daftari nikamwonyesha: saa 9:40, bati 50 zimetoka, 10 mteja kaomba zibaki atazifuata na bajaji ya shemeji yake. Akaangalia kidogo. Akapiga simu. Akasikika anasema "we shemeji, zile bati kumi..." afu akatoka nje kuongea. Hakuna aliyefokewa siku hiyo, na mi mapigo ya moyo hayakupanda hata kidogo, nikaendelea na mihogo yangu, safari hii ya kukaanga na pilipili, kwa hiari yangu.

Mtaniuliza kwa nini nisiandike kwenye simu. Unaweza. Ila simu ukiifungua kuandika unakuta meseji, unakuta statasi, dakika kumi zimeenda na ulichotaka kuandika umesahau. Na tajiri akikuona na simu anaona unachezea, akikuona na daftari anaona unafanya kazi. Ujinga ila ndo ilivyo.

Hatua ya 4: kile usichokipenda kifanye cha kwanza

Mi sipendi kuhesabu nondo. Zinachafua, zimepigana, zinachoma mikono jua likiwaka. Kwa hiyo nazihesabu saa mbili asubuhi bado za baridi. Nikizimaliza siku iliyobaki yote inaonekana nyepesi. Nikiziacha mchana, tangu asubuhi naziwaza na bado ntazihesabu tu. Sina la kuongeza hapo.

Hatua ya 5: kila wiki jua kitu kimoja zaidi cha kazi yako

Furaha ya kazini, wengi wanadhani inaletwa na mshahara kuongezeka. Inaongeza ndio, siwezi kudanganya watu wazima. Ila kuna furaha nyingine ya kujua kazi yako mpaka wenzako wanakuja kukuuliza.

Mfano huu. Fundi mmoja mzee wa Tabata alinifundisha kupata uzito wa nondo bila mzani. Chukua unene wake kwa milimita, zidisha kwa wenyewe, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa mita moja. Nondo ya milimita 12: 12 mara 12 ni 144, gawanya kwa 162 unapata kama 0.89. Nondo ya mita 12 basi ni kilo 10 na nusu na ushee, na tani moja ni kama vipande 94. Sasa likija lori la tani fulani unajua vinatakiwa kuwa vipande vingapi, na vikiwa vingi kuliko hesabu ujue ni vyembamba, kuna mtu anauziwa milimita 12 ambayo sio 12. Siku nilipomwambia tajiri hiyo hesabu na nikaitoa kwenye daftari, akanyamaza, akaita mhasibu, na kuanzia siku ile mzigo wa nondo hauingii mpaka niwepo. Mshahara ulikuja kuongezwa baadaye, ila ile siku yenyewe nilitembea kama nimeshinda mechi.

Saruji nayo, nilikuwa naipanga chini sakafuni imegusa ukuta, inanyonya unyevu inaganda. Sasa naiweka juu ya mbao, mbali na ukuta, na iliyotangulia kuingia ndo inatangulia kutoka, manake saruji ikikaa miezi mitatu inaanza kupoteza nguvu. Vitu vidogo. Kazi yako nayo ina vyake, kama ni kaunta, kama ni saluni, kama ni kompyuta, kama ni shule. Muulize aliyekaa pale miaka mingi, na umuulize kwa heshima, wazee wanapenda kuulizwa.

Hatua ya 6: kula, na kula umekaa

Sheria ileile inasema ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo una haki ya mapumziko ya saa nzima. Saa nzima, sio kumeza wali umesimama nyuma ya lori huku unahesabu. Mi nabeba chakula kwenye hotipoti siku tatu, siku nyingine nakula kwa mama ntilie, wali maharage na mchicha, na nina kawaida ya kukaa na watu wa nje ya stoo, mabodaboda, fundi simu, muuza vocha, kwa sababu ukikaa na wa kazini tu mnaongea kazi, mnamsema tajiri, unarudi umechoka kuliko ulivyoenda.

Maji. Kunywa maji. Buguruni mwezi wa pili joto lile na vumbi la saruji, ukinywa soda tu jioni kichwa kinagonga unadhani ni stresi kumbe ni kiu.

Hatua ya 7: mdomo

Hapa ndo mdogo wangu ana shida. Yeye akifokewa anajibu palepale, au ananyamaza afu anaenda kumsema bosi kwa wenzake chooni. Yote mawili yana hasara, na la pili ndo baya zaidi, kwa sababu ukimsema mtu kwa watu watatu, mmoja atafikisha. Huwa anafikisha. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea.

Mi nafanya hivi. Nikifokewa mbele za watu sijibu. Nasema "nimekuelewa tajiri, nalishughulikia." Nalishughulikia kweli. Afu jioni watu wakipungua naenda mlangoni kwake, nabisha hodi, na naongea kwa sauti ya chini:

"Tajiri, samahani, nina neno dakika mbili."

"Sema."

"Lile la asubuhi kosa lilikuwa langu, nimesharekebisha, zile bomba zimerudi. Ila naomba siku nyingine niite pembeni, wale makuli wakikusikia unanifokea kesho hawanisikii, na kazi yako ndo inalala."

Tazama hapo sijamwambia "umenidhalilisha", ingawa kanidhalilisha. Nimemwonyesha hasara yake. Tajiri anaelewa hasara haraka kuliko anavyoelewa hisia, sio ubaya, ndo biashara ilivyomlea. Huyu wa sasa nilimwambia hivyo mara moja tu, akaguna, hakusema samahani, ila toka siku ile ananiita ndani.

Na kusema hapana nako kuna namna. Usiseme "siwezi" ukanyamaza. Sema "naweza, ila niache hili la kuhesabu bati mpaka kesho, lipi litangulie?" Achague mwenyewe. Unaandika alichochagua, kwenye lile daftari, na saa.

Umbea sikatazi, nani ana nguvu hizo. Ila jiwekee kawaida, ukisikiliza usiongezee. Sikiliza, cheka, ondoka.

Hatua ya 8: simu

Kazini tuna grupu la WhatsApp. Saa nne usiku meneja anaandika "kesho kuna mzigo wa nani?", watu kumi wanajibu wakiwa kitandani, anayekaa kimya anaonekana mzembe. Mi nilishasema wazi, kwa adabu, kwamba baada ya saa mbili usiku siko kwenye grupu, la dharura nipigieni. Unajua wamenipigia mara ngapi mwaka mzima? Mara mbili. Mara moja stoo ilivuja, mara nyingine mtu alikosea namba. Yaliyobaki yote yalisubiri asubuhi na hakuna aliyekufa.

Kingine, usiweke statasi ya mafumbo kuhusu kazini. Ile ya "watu wengine wana roho mbaya ila Mungu yupo". Kila mtu ofisini anajua ni nani, na yeye mwenyewe anajua.

Hatua ya 9: hela ya mshahara na amani ya kazini

Wanaandika sana kuhusu furaha kazini bila kugusa hela, wakati mtu mwenye madeni kazini kwake hawezi kuwa na furaha, anajificha. Anadaiwa na dada wa kaunta, anadaiwa na mama ntilie, ameshachukua advansi ya mwezi ujao, ana mkopo wa kausha damu unaompigia simu hadi shemeji zake. Huyu hata akipewa ofisi yenye zulia atatetemeka simu ikiita.

Nilikuwa huko, yale makato ya saruji yalinipeleka huko. Nilitoka hivi: niliacha kabisa kukopa kazini, nikampa kila ninayemdai na anayenidai tarehe moja ya kulipana, nikaandika, nikalipa mdogo mdogo kuanzia deni dogo kabisa ili niondoe majina mengi haraka. Majina ndo yanayosumbua, kuliko hata kiasi. Afu nikaingia mchezo wa watu sita tunaojuana, sio ishirini, kila mwezi mmoja anapokea. Mshahara ukiingia, kabla sijafika Ubungo nishatuma hela ya kodi kwa mke wangu, kwa sababu najijua.

Na michango yako ya mfuko wa hifadhi ya jamii ifuatilie. Kwa sisi wa sekta binafsi NSSF inapokea asilimia 20 ya mshahara, we ukikatwa 10, mwajiri anaweka nyingine. Usiangalie tu kwenye karatasi ya mshahara kwamba umekatwa, nenda kaangalie kama zimefika. Kukatwa na kufika ni safari mbili tofauti, niamini.

Hatua ya 10: zijue saa zako na likizo yako

Hili ni fupi. Kwa kawaida saa za kazi hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku, siku sita kwa wiki. Ukizidisha ni ovataimu, kwa makubaliano, na inalipwa angalau mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Ukifukuzwa unavyoona sio haki, una siku 30 tu za kupeleka lalamiko CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi wanakaa wanalia nyumbani mpaka zinapita.

Sisemi uende kazini umebeba sheria kwapani kama fimbo. Mi mwenyewe sijawahi kumtajia tajiri kifungu hata kimoja. Ila kujua kunakupa utulivu fulani, unaomba likizo ukiwa umesimama wima, sio umeinama kama unaomba sadaka. Na likizo nenda. Mi nilikaa miaka mitatu siendi, nikidhani stoo itaanguka. Nilivyoenda Lushoto wiki mbili kwa wakwe nikarudi, nikakuta stoo ipo, imepangwa vibaya kidogo, ila ipo.

Hatua ya 11: funga siku

Dakika kumi za mwisho usipokee kazi mpya. Mteja akija saa kumi na moja kasoro tano na orodha ya vitu arobaini, mpokee orodha, mwambie kesho saa mbili vitakuwa tayari, iandike upande wa ahadi. Afu kaa chini na daftari. Ukurasa wa kulia, ahadi zilizotimia zikate mstari. Zisizotimia zihamishie ukurasa wa kesho, moja moja, kwa mkono. Usione uvivu hapa, ukihamisha kitu kilekile siku ya nne mkono wenyewe unakwambia ama ukifanye ama umwambie mtu ukweli kwamba hutakifanya.

Mwisho mi naandika kitu kimoja cha mwisho, na hiki mwanzoni nilikuwa naona aibu mtu akikiona. Zamani nilikuwa na ugonjwa wa kufuli. Nafika Kimara, nimeshaoga, ghafla, hivi nilifunga ule mlango wa nyuma? Nampigia mlinzi. Anatembea mpaka kule na tochi, anarudi, "umefunga bwana stoo." Saa tatu nampigia tena, hivi kufuli la chini? Ilifika mahali mzee wa watu akawa anapokea simu hasemi hata haloo, anasema "umefunga, lala."

Sasa hivi kila jioni mstari wa mwisho wa ukurasa ni uleule: mlango wa nyuma, kufuli mbili, nimevuta, saa 11:20. Nafunga daftari, naliweka kwenye begi, namuaga mzee. Juzi kaniuliza siku hizi mbona simpigii usiku, kwani nimemchukia?